Ni Kipi Kinachokanushwa? Kikanushi, Kielezi na Kitenzi-jina katika Sentensi za Kiingereza

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anapojifunza Kiingereza hufundishwa ukanushi kama badiliko la umbo: achukue sentensi yakinishi, aingize kitenzi kisaidizi, kisha aweke "not" baada yake. Mazoezi ya aina hiyo yana manufaa yake, lakini humwachia imani kwamba ukanushi ni jambo la kitenzi peke yake, na kwamba sentensi ikishakanushwa basi imekanushwa yote. Imani hiyo hupata nguvu kutoka katika Kiswahili, ambamo alama ya ukanushi aghalabu imo ndani ya kitenzi chenyewe: hajui, hakujua, hatajua, asijue. Msemaji hawezi kuing'oa alama hiyo akaipachika kwingine.

Makala haya yanatetea hoja kwamba swali la kwanza katika ukanushi si "kikanushi kinawekwa wapi?" bali ni "ni kipi kinachokanushwa?" Kiingereza hulijibu swali hilo zaidi kwa mpangilio wa maneno. Kiswahili nacho hulijibu, ila kwa njia nyingine, na asiyezitambua njia hizo katika lugha yake hutatizika anapovuka kwenda lugha ya pili. Hoja hii inachunguzwa katika mazingira mawili yanayosumbua zaidi, yaani kikanushi pamoja na kielezi, na kikanushi pamoja na kitenzi-jina.

2.0 Kikanushi na Kielezi

Tuzingatie jozi ifuatayo:

(1) She did not deliberately break the pot.
(2) She deliberately did not answer.

Katika (1) kielezi kimo ndani ya upeo wa kikanushi. Chungu kilivunjika, kinachokanushwa ni kusudi. Katika (2) kielezi kiko nje ya upeo huo. Jibu halikutolewa, na kutolitoa ndiko kulikokuwa kusudi. Tofauti hii yote imebebwa na nafasi ya neno moja.

Kiswahili kikifuata umbo la kawaida kitasema "Hakuvunja chungu kwa makusudi" na "Hakujibu kwa makusudi". Sentensi hizi mbili zina muundo mmoja, lakini msikilizaji huzielewa kwa njia mbili kwa sababu ujuzi wake wa mambo ya dunia humwongoza: vyungu huvunjika kwa bahati mbaya, ilhali kunyamaza aghalabu ni uamuzi. Pale ujuzi huo usipotosha, utata hubaki. "Hakuhudhuria kwa makusudi" hutegemea kidatu cha sauti, na katika maandishi kidatu hakipo.

Hata hivyo si kweli kwamba Kiswahili hakina zana za kuuondoa utata huu. Kwa maana ya (1) kipo kikanushi "si", ambacho husimama mbele ya kirai kinachokanushwa na kukiacha kitenzi kikiwa yakinishi: "Alivunja chungu, lakini si kwa makusudi." Kwa maana ya (2) kielezi kinaweza kutangulizwa, au kusudi likafanywa kitenzi kikuu: "Alikusudia kutojibu." Kile ambacho Kiingereza hufanya kwa kuhamisha kielezi, Kiswahili hufanya kwa kubadili muundo.

Mtaalamu wa Kidenishi Otto Jespersen, katika kitabu chake cha mwaka 1917 kuhusu ukanushi katika Kiingereza na lugha nyingine, alitofautisha ukanushi unaohusu neno au fungu moja na ule unaohusu uhusiano mzima wa kiima na kiarifu. Alionyesha pia kwamba Kiingereza kina mwelekeo wa kukivuta kikanushi kwenye kitenzi hata pale ambapo kimantiki kinahusu sehemu nyingine. Baadaye Edward Klima, katika makala yake ya mwaka 1964, alipendekeza vipimo vya kisintaksia vya kubaini kama sentensi nzima imekanushwa. Manufaa ya vipimo vya namna hiyo yanaonekana hapa:

(3) Not long ago it rained, didn't it?
(4) Not often does it rain, does it?

Sentensi zote mbili zinaanza na "not", lakini (3) ni yakinishi: mvua ilinyesha, na "not" inahusu kielezi cha wakati tu. Kwa hiyo mpangilio wa kiima na kitenzi haugeuki, na kiulizio cha mwishoni ni kanushi. Sentensi (4) ni kanushi yote. Mpangilio umegeuka, na kiulizio ni yakinishi. Kiswahili hutenganisha maana hizi vilevile: "Si zamani sana mvua ilinyesha", lakini "Mvua hainyeshi mara nyingi".

Katika mazungumzo ya kila siku tofauti ya upeo hugeuka kuwa tofauti ya adabu. "I don't really know" ni jibu la upole, karibu na "sijui hasa". Huenda msemaji anajua kidogo. "I really don't know" ni "kwa kweli sijui", na mlango umefungwa. Mwanafunzi anayeyachanganya haya mawili hakosei sarufi, bali anaonekana mkali pale alipotaka kuwa mpole.

Kundi jingine la vielezi huleta tatizo la aina yake. "Never", "hardly" na "seldom" vina ukanushi ndani yake, na kitenzi chake hubaki yakinishi. Kamwe, katu na asilani haviko hivyo: hukazia ukanushi ambao tayari umo katika kitenzi. Anayesema "Hajapata kamwe kuiona bahari" amesema sawasawa. Akiifuata sentensi hiyo neno kwa neno atapata "He has not never seen the sea", ambayo Kiingereza sanifu cha leo huikataa. Inafaa mwalimu akumbushe kwamba Kiingereza cha enzi za Chaucer kiliruhusu vikanushi viwili au zaidi kukaziana, na kwamba lahaja nyingi za Kiingereza bado huruhusu. Kosa la mwanafunzi, kwa hiyo, si upungufu wa akili wala wa mantiki. Ni kanuni ya lugha moja iliyotumika ndani ya nyingine.

3.0 Kikanushi na Kitenzi-jina

Kwa upande wa kitenzi-jina, mjuzi wa Kiswahili ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. Kiingereza huweka "not" mbele ya umbo lenye "-ing": "not paying", "not having eaten". Kiswahili huweka kiambishi "-to-" baada ya "ku-": kutolipa, kutojua, kutokwenda. Katika lugha zote mbili kitenzi-jina kina kikanushi chake, kisichotegemea kile cha kitenzi kikuu:

(5) I do not regret going. / Sijutii kwenda.
(6) I regret not going. / Najutia kutokwenda.

Hapa Kiswahili hakina utata hata chembe. Mwanafunzi akiambiwa tu kwamba palipo na "-to-" katika Kiswahili ndipo "not" inaposimama mbele ya "-ing", makosa mengi hutoweka. Hata umilikishi hufuata njia hiyo: "his not coming" ni kutokuja kwake.

Ugumu huanza pale kirai chenye umbo la "-ing" kinaposimama pembeni mwa sentensi:

(7) Not knowing the road, they turned back.
(8) They walked on, not knowing the road.

Umbo ni lile lile, lakini (7) inaeleza sababu, na (8) inaeleza hali. Kiingereza kinamwachia msomaji kazi ya kuamua. Kiswahili humlazimu mwandishi aamue: "Kwa kutoijua njia, walirudi", lakini "Waliendelea na safari bila kuijua njia". Hapa "kwa kuto-" na "bila ku-" haviwezi kubadilishana nafasi. Ndivyo ilivyo kati ya "by not paying" na "without paying": la kwanza linataja njia au sababu, la pili hali iliyoambatana na tendo. Anayeandika "by without paying" amevigonganisha viwili hivyo.

Pia inafaa kutofautisha "not" na "no". "Not smoking" ni kutovuta sigara, jambo ambalo mtu aweza kulisifu. "No smoking" ni katazo, na Kiswahili hulieleza kwa "Usivute sigara" au "Ni marufuku kuvuta sigara". Tafsiri ya "Kutovuta sigara" ukutani haimkatazi mtu.

4.0 Upeo wa Ukanushi Mahakamani

Huenda msomaji akauona mjadala huu kuwa wa darasani tu. Sivyo. Tanzania Bara imezoea kwa miaka mingi mfumo ambamo shahidi hutoa ushahidi kwa Kiswahili na kumbukumbu za mahakama za juu huandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapodai hivyo. Kazi ya kutafsiri sheria imekuwa kubwa, na upeo wa ukanushi umo ndani yake.

Mlinzi akisema "Sikumbuki kufunga mlango", kumbukumbu yake haina kitu. Yawezekana mlango ulifungwa. Akisema "Nakumbuka kutofunga mlango", amekiri. Mwandishi wa kumbukumbu anapaswa kuandika "I do not remember locking the door" kwa kauli ya kwanza, na "I remember not locking the door" kwa ya pili. "Not" ikihama, mlinzi amebebeshwa ungamo asilolitoa.

Pale kielezi na kitenzi-jina vinapokutana, hatari huongezeka:

(9) for knowingly not declaring the goods
(10) for not knowingly declaring the goods

Katika (9) mtu alijua, na hakutaja bidhaa. Nia ya kosa ipo. Katika (10) kilichokosekana ni kutaja kwa kujua, na hata aliyetaja bila kujua angeweza kuingizwa humo. Tafsiri ya "kwa kutotaja bidhaa kwa kujua" inaweza kusomwa kwa namna zote mbili. Kiswahili kina kauli inayoukata mzizi wa utata huo, nayo ni "hali akijua": "kwa kutotaja bidhaa hizo, hali akijua kuwa anazo". Kujua kumewekwa nje kabisa ya upeo wa "-to-", na mshtakiwa anajua anashtakiwa kwa lipi.

5.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba Kiswahili kina njia tatu za kukanusha zinazohusika hapa: alama ndani ya kitenzi, kiambishi "-to-" ndani ya kitenzi-jina, na "si" mbele ya kirai. Vitabu vingi vya shule huifundisha njia ya kwanza kwa majedwali marefu, na nyingine mbili hutajwa kwa kupita tu. Inapendekezwa kwamba ufundishaji wa ukanushi wa Kiingereza uanze na njia hizi tatu, na kwamba kila zoezi limtake mwanafunzi aeleze kwanza, kwa Kiswahili, ni kipi kilichotukia na kipi hakikutukia. Zoezi hilo hilo litawafaa wanafunzi wa tafsiri ya sheria, ambao watahitaji kujibu swali hilo katika kila kifungu chenye "not" kabla ya kukiandika upya.