Flashi kutoka nyumbani

Ile flashi mliyompa shangazi aniletee imefika Uingereza salama. Juzi nimetoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, baridi usiseme, nikaichomeka kwenye redio ya gari. Kimya! Redio inadai haioni kitu. Nilikaa pale maegesho karibu nilie, maana mbali na taarabu, mle kuna sauti ya marehemu baba akiimba uani.

Mwenzangu kazini akaniambia niiformati tu. Thubutu! Ukiformati unafuta vyote. Nikanakili kwanza kila kitu kwenye kompyuta, ndipo nikaiformati kwa FAT32, kwani ilikuwa NTFS na redio yangu haisomi NTFS. Taarabu ikalia. Baba bado! Kumbe mlimrekodi kwa WhatsApp, na sauti zake huwa faili za opus. Nikaigeuza iwe MP3.

Jana nimemsikiliza njia nzima. Kaka, umerekodi hadi jogoo! Nilipofika nyumbani sikushuka mpaka amalize. Mkiwa na sauti zake nyingine nitumieni, ila jamani, msizifute huko kwenye simu.