Tunachong'oa kwa senene

Kusafisha senene ni kazi ya vidole. Unang'oa mbawa, unang'oa miguu, unatupa. Kinachobaki kinaingia kwenye kikaango na chumvi. Nimeifanya Bukoba tangu utotoni, mkekani kando ya bibi yangu, na sikuwahi kujiuliza tunatupa nini.

Kumbe tunatupa wimbo na masikio. Dume huimba kwa kusugua mbawa zake za mbele, moja juu ya nyingine. Masikio yao yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Katika aina nyingi za wadudu wa ukoo huu jike haimbi. Anatulia kwenye majani, anasikiliza, kisha anamwendea anayemtaka.

Anamtaka yupi? Hapo nilicheka peke yangu usiku. Mwaka 1993 Michael Greenfield na Igor Roizen waliandika katika jarida la Nature kuhusu binamu wa senene anayeishi Panama, Neoconocephalus spiza. Madume yake huimba kwa pamoja, ungedhani ni kwaya iliyofanya mazoezi. Wapi! Jike humfuata aliyetangulia kutoa sauti, hata kama ametangulia kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Basi hakuna anayetaka kuwa wa pili. Akisikia jirani kamuwahi, anakatisha, anaanza upya. Kwaya yenyewe ni ugomvi tu.

Nilimsimulia bibi. Mkononi alikuwa na jike; nikamwonyesha kile kama kisu chembamba mkiani, cha kutagia mayai.

"Kwa hiyo huyu alichagua mwenyewe?"

"Ndiyo, bibi."

Akanyamaza. Yeye aliolewa kwa mapatano ya wazee. Sauti ya babu aliisikia mara ya kwanza siku alipofikishwa kwake. Na senene wenyewe, alivyolelewa yeye, mwanamke alikamata, akasafisha, akakaanga, akampelekea mume. Kula ilikuwa mwiko.

Mimi nina miaka 34. Kila nikija likizo shangazi zangu wanauliza nangoja nini. Bibi hajawahi kuniuliza hilo, na siku hiyo pia hakuuliza. Alichota senene wa moto kutoka kwenye kikaango, akatafuna taratibu.

"Na akichagua vibaya, mjukuu wangu?"

Nikamwambia huko sijafika kusoma. Akanisogezea ungo, bado ulikuwa umejaa nusu.