Mofimu Moja Usiku wa Manane
Marehemu mama yangu alikuwa na kisukari. Usiku mmoja alitokwa na jasho jingi, akatetemeka. Daftari lake la kliniki liliziita dalili hizo 'haipoglisemia'. Nilisita: sukari imezidi au imepungua? Nikaichambua istilahi hiyo kama nichambuavyo kitenzi: kiambishi awali haipo-, kwa Kigiriki 'chini', mzizi -glis-, 'tamu', kiambishi tamati -emia, 'hali ya damu'. Ingalikuwa haipa-, 'juu', maana ingaligeuka. Nikampa maji ya sukari, akatengemaa. Baadaye niligundua sadfa ambayo sasa huwafundishia wanafunzi wa uuguzi: katika ha-i-po yetu, yenye mofimu tatu zisizo na nasaba na Kigiriki, sukari haipo. Uchanganuzi wa mofimu, basi, si zoezi la mtihani tu.