Ua haukupanda ghorofani

Mtoto wa Mtendeni, Tabora, anaijua nyumba kwa ua wake. Unaingia mlango wa mbele, unapita ukumbi wenye vyumba kulia na kushoto, unatokea uani: kuna jiko, choo, kamba ya nguo na wenzake. Mama anamenya viazi, jicho kwa mdogo anayetambaa.

Tuseme familia hiyo imevuka bahari hadi Unguja, ikapanda ngazi za Michenzani. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mzee Abeid Karume ilitaka watu wa Ng'ambo wakae nyumba za kisasa, ikasaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Nyumba za udongo zikavunjwa, yakasimama majumba ya saruji, mengine karibu mita 300 kwa urefu, hata watu wakayafananisha na treni. Jiko, choo na bafu vyote vimo ndani. Kwa aliyezoea kuvuka ua usiku na mvua, kibatari mkononi, hiyo si neema ndogo.

Ila ua wenyewe ulibaki chini. Kwenye roshani nguo zinaanikwa, lakini mtoto hana pa kukimbia. Akitaka kucheza lazima ashuke, na mama aliye ghorofa ya nne anabaki kusikiliza sauti yake tu. Hapo jirani wa chini hugeuka mlezi wa watoto wa ngazi nzima, apende asipende. Mwenye watoto wadogo anayetaka kupanga pale, afadhali amjue huyo jirani kabla ya kuulizia kodi.