Mama anaendelea vizuri (na kisa cha mashine ya harufu)

Najua nimepotea hapa kwa miezi, na najua narudi wakati habari zangu zimeshanitangulia. Wiki iliyopita pekee nimepigiwa simu na watu saba, kila mmoja na lake: mama yuko mahututi, joto la Uarabuni limemshinda, na mmoja kaambiwa kabisa kwamba mama kalishwa kitu na majirani. Jamani! Mama huyu hapa, amekaa kwenye kochi nyuma yangu anakunywa kahawa. Alilazwa usiku mmoja tu. Na aliyemfikisha huko si joto wala majirani. Ni mimi binti yake, muuguzi mwenye digrii. Ndiyo maana naandika, msikie kwangu mwenyewe.

Kisa kinaanzia kwenye nyumba. Mwezi wa tano nilihama kule nilikokuwa naishi na wauguzi wenzangu, nikapanga vyumba viwili Al Khuwair, ghorofa ya tatu, ili mama akija awe na chumba chake. Siku ya kwenda kuiona nyumba ilikuwa inanukia udi kuanzia mlangoni. Sasa mtu wa Pwani na udi mnajua wenyewe, nikaona hapa ni kwa watu wa heshima. Sikujiuliza kwa nini nyumba isiyokaliwa na mtu imefukizwa saa nne asubuhi. Kodi ilikuwa nafuu, hilo nalo sikujiuliza. Nikalipa.

Siku ya tatu udi uliisha na harufu ikatoka. Sijui niielezeje. Kulikuwa na sigara ya miaka kwenye mapazia, uvundo wa unyevu, na chini ya vyote hivyo kitu kama shombo lakini zito zaidi, kikija na kuondoka. Nikirudi kazini saa mbili usiku ilikuwa inanipokea mlangoni kama mwenye nyumba. Mapazia nikatupa. Kuta nikazifuta kwa siki, sakafu nikadeki kwa dawa kila siku mpaka vidole vikachubuka. Siku moja mgonjwa wangu, mama wa Kiomani mtu mzima, akanivuta mkono taratibu akaniuliza kama kantini leo wamepika samaki. Harufu ilikuwa kwenye yunifomu yangu. Nilicheka naye, halafu nikaenda chooni kulia kidogo.

Jirani yangu wa ghorofa ya kwanza ni bibi wa Unguja, na Kiswahili chake ni cha mjini hasa. Aliondoka Zanzibar msichana baada ya mapinduzi ya 1964, akafika Muscat miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipokuwa ameshashika nchi na Waomani wengi waliokuwa Afrika Mashariki wanarudi. Nilipomwamkia shikamoo mara ya kwanza alinikumbatia. Yeye ndiye aliyeniletea chetezo na ubani. Ubani wa huku unatoka Dhofar, kusini, karibu na Salalah, na wanajua kuuchagua kwa rangi na ukubwa wa punje kama sisi tunavyochagua mchele. Nikafukiza asubuhi na jioni. Matokeo yake nyumba ikawa inanuka shombo lenye ubani.

Hapo ndipo mashine inapoingia. Mwenzangu wa kazini, Mfilipino, mume wake anasafisha magari Wadi Kabir. Ana kiboksi cha chuma, ukubwa wa betri ya gari, chenye feni nyuma na kitufe cha kuzungusha cha saa. Gari lililovutiwa sigara miaka mitano analifungia na kile kiboksi, na likitoka halina harufu hata kidogo. Akaniazima bure. Maelekezo yalikuwa mafupi: washa, toka, funga mlango, ukirudi fungua madirisha.

Kwa wasiojua, ile ni mashine ya kutengeneza ozoni. Oksijeni tunayovuta ina atomu mbili, ozoni ina tatu. Ndani ya boksi mna vibamba vya umeme mkali, hewa ikipita katikati oksijeni inavunjika na kujiunga upya ikiwa na ile atomu ya ziada. Atomu hiyo haitulii, inatafuta cha kushika, na ikikutana na kitu kinachonuka inakibadilisha kiwe kitu kingine. Radi inafanya hivyohivyo angani. Schönbein, Mjerumani aliyekuwa anafundisha Basel, ndiye aliyeitambua mwaka 1839, na jina alilolipa limetokana na neno la Kigiriki la kunuka. Si ushirikina basi, ni kitu cha kweli. Mji wa Nice, Ufaransa, ulikuwa unasafishia maji ya kunywa kwa ozoni tangu 1906.

Tatizo ni kwamba haichagui. Inashika moshi wa sigara, inashika mpira, na inashika utando wa ndani ya mapafu. Hili nililijua. Nilisomeshwa. Ukiniamsha usiku ukaniuliza ozoni inamfanya nini mwenye pumu ningekujibu bila kufumbua macho. Ila nilikuwa nimechoka, na mgeni alikuwa anakuja.

Mara ya kwanza niliiwasha saa mbili nikiwa zamu, niliporudi nikafungua madirisha, na wallahi harufu haikuwepo! Nililala kama mtoto. Siku mbili baadaye ikarudi. Nikaongeza saa, ikaondoka, ikarudi tena. Nikaona dawa inafanya kazi, ila dozi ni ndogo. (Mgonjwa akiniambia maneno hayo wodini namgombeza.)

Mama alifika siku ya Alhamisi, mwezi wa sita. Ndege ilikuwa itue saa tisa na nusu alasiri. Saa nane mchana niliweka mashine kwenye chumba chake, nikazungusha kitufe saa tatu kamili, nikaenda Seeb uwanjani. Kumpokea, mizigo, na kukumbatiana kwa machozi, tukafika nyumbani saa kumi na moja jioni, mashine ndiyo imezima. Nilikuwa nimepanga kufungua madirisha yote saa nzima. Nikayafungua. Jamani, Muscat mwezi wa sita! Nje ni nyuzi 43, upepo unaoingia ni kama umefunua chungu. Mama ametoka safari, anatoka jasho, mtandio umelowa. Baada ya dakika kumi nikafunga kila kitu na kuwasha kiyoyozi.

Kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa mpya. Kinavuta hewa ileile ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Hilo nalo nalijua.

Mama alisimama mlangoni mwa chumba chake akanusa. "Mwanangu, mbona humu kunanuka kama radi imepiga?" Mimi nilikuwa sisikii chochote, pua yangu ilishazoea. Nikamwambia ni usafi, mama. Kama haitoshi, bibi wa chini akapanda na chetezo kinafuka ubani kumkaribisha mgeni, na ningemkatalia vipi?

Saa tano usiku nikasikia anakohoa. Mnaomjua mama mnajua kikohozi chake cha pumu, kile kikavu cha mfululizo. Nikampa pampu yake, mara ya kwanza, mara ya pili. Kifua kikawa kinapiga filimbi niliyoisikia nikiwa mlangoni. Kipimo cha kidole kikasoma 90. Nimeshaona namba hiyo mara ngapi maishani, nikafanya kinachotakiwa bila moyo kushtuka. Usiku ule mikono ilinitetemeka nikashindwa kufunga vishikizo vya baibui lake.

Hospitalini walimweka kwenye nebulaiza, oksijeni na dawa ya kutuliza uvimbe wa njia ya hewa, na kufikia alfajiri alikuwa anauliza kama mtu anaweza kupata chai ya maziwa. Daktari wa zamu tunafahamiana. Aliniuliza swali ambalo mimi ndiye ninayewauliza ndugu wa wagonjwa kila siku: nyumbani mmetumia nini? Nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza yote, mashine, madirisha, ubani. Hakunigombeza. Alisema huenda vyote vimechangia, kwani moshi wa chetezo nao si rafiki wa pumu. Ni kweli, ila nilikuwa natafuta mtu wa kunigombeza.

Usiku uliofuata nikasoma nilichopaswa kusoma mwanzoni. Marekani, mashine ya tiba hairuhusiwi kujaza ozoni chumbani kuzidi sehemu 0.05 katika milioni. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2006, na tangu 2010 mashine ya kusafishia hewa ya nyumbani inayozidisha kiwango hicho hairuhusiwi kuuzwa huko. Shirika lao la mazingira linasema wazi kwamba kiasi kidogo kisichodhuru watu hakitoshi kuondoa harufu, na kiasi kinachoondoa harufu kinadhuru watu. Na kilichonikata maini zaidi ni hiki: ozoni ikikutana na mafuta ya limau, msonobari na mengine ya jamii hiyo, inazaa formaldehaidi na vumbi laini lisiloonekana. Ubani una mafuta hayohayo. Nilikuwa nafukiza asubuhi na kuwasha mashine mchana.

Halafu nikaanza kuona vitu. Raba za kufungia mifuko zilizokuwa kwenye droo ya chumba kile zilikuwa zimepasukapasuka, ukivuta inakatika. Ndala zangu za kuogea zina nyufa. Nilizishika nikawaza kifua cha mama.

Mama nikamweka kwa bibi wa chini siku tatu, madirisha yangu yakawa wazi joto lisije likaisha. Wale wawili wakapatana kupita kiasi, Tanga na Unguja, mchana kutwa wanabishana nani anajua kupika bokoboko. Siku ya nne mama akapanda kuchukua kanga zake. Akapita jikoni, akasimama, akavuta pumzi kidogo kwa tahadhari.

"Mwanangu, hapa pana papa."

"Papa gani tena mama?"

"Papa mkavu. Mimi si wa Tanga?"

Mjukuu wa bibi akaja na bisibisi tukafungua ubao wa chini ya kabati la sinki. Nyuma kabisa, ukutani, kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake papa mkavu, wenyewe huku wanamwita awal, wanampenda kama sisi. Alikuwa ameachwa na wapangaji waliopita. Bomba la sinki linavuja tone tone juu yake, papa mkavu kawa papa mbichi mara ya pili, maji yake yamenywewa na mbao. Sitaeleza zaidi kwa sababu wengine mnasoma mkiwa mnakula. Kabati lote la chini tulilitupa. Fundi akaziba bomba, na akanionyesha la pili: choo cha wageni ambacho hakitumiki, tundu la maji sakafuni limekauka. Ile kona ya bomba ikiwa na maji harufu ya chini haipandi, ikikauka inapanda. Huku maji yanakauka haraka. Dawa yake ni ndoo moja ya maji kila wiki.

Wodini tuna wagonjwa wenye vidonda vinavyonuka. Hakuna muuguzi anayepulizia marashi kidonda. Tunakifungua, tunakisafisha, tunaweka metronidazole, bandeji yenye mkaa juu, basi. Nimefanya hivyo miaka kumi, na nyumbani kwangu sikufungua hata kabati.

Kaka yangu wa Korogwe, uliniuliza bei ya hii mashine kwa ajili ya gesti yako. Jibu ni hili. Inafanya kazi kwenye chumba kitupu ambacho chanzo cha harufu kimeshatolewa, kama sigara ikibaki kwenye kuta. Chumba kitupu maana yake hamna mtu, hamna paka, hamna kuku wala ua, na baada yake madirisha wazi saa nyingi kabla mgeni hajaingia. Wahudumu wako nani atawasimamia? Wewe una jua la bure. Toa magodoro nje, fua mapazia, paka chokaa, weka mkaa kwenye bakuli chumbani. Pesa iliyobaki nunua feni.

Mashine nimeirudisha Wadi Kabir na ahsante. Mama anatumia pampu yake ya kuzuia asubuhi na jioni, kipimo jana kilisoma 98, na bibi wa chini ameacha kufukiza akiwa na mama chumbani, bila kuambiwa mara mbili. Shangazi, tafadhali wapigie wale wa Pongwe uwaambie.

Mama anarudi mwisho wa mwezi. Kesho anataka nimpeleke soko la samaki Mutrah akanunue papa wa kuja naye, anasema wa huku ni mnene. Nimemwambia sawa, ila halali nyumbani kwangu hata usiku mmoja. Atalala kwa bibi.