Injinia wa Malaba

Kila alfajiri fundi mmoja wa tarakilishi mjini Malaba hupenya msururu wa malori kuelekea ofisi ya wakala wa forodha. Majirani humwita "injinia", wakimdhania tajiri. Lakini mfumuko wa bei nchini Kenya ulipofikia asilimia 9.6 Oktoba 2022, mshahara wake haukutikisika. Mwaka 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Tozo ya nyumba nayo ikamega asilimia 1.5 ya ujira. Jumamosi huvuka mpaka kwa miguu kutafuta mahindi nafuu upande wa Uganda. Programu anazozihudumia husasishwa mara kwa mara. Ujira wake, katu! Bintiye wa kidato cha nne ataka kuirithi taaluma hiyo. Baba amshauri nini?