Twende Tukatazame Majani



Nilipomwambia baba watoto kwamba nataka tusafiri, alishtuka akauliza, "Mama watoto, nani amefariki?"

Sikumlaumu. Kwa zaidi ya miaka ishirini ya ndoa yetu tulisafiri pamoja kwenda misibani, kuuguza wazee na kupeleka watoto shule. Hatukuwahi kutoka nyumbani kwetu Kanyenye, mjini Tabora, kwa ajili ya kufurahi tu. Na tangu mtoto wa mwisho aende bweni, tulikuwa tukila chakula cha jioni kimya, redio ikizungumza kwa niaba yetu.

Nikamjibu, "Hakuna msiba. Twende tukatazame majani." Alicheka, lakini alikubali.

Huko Ulaya na Marekani watu hufunga safari hadi miji midogo ya milimani kutazama majani yanapobadilika rangi kabla ya kupukutika. Sisi tunayo yetu. Miti ya miombo, kama mtundu na muba, hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Kisha, mnamo Septemba na Oktoba, joto likiwa kali na mvua bado hazijaanza, huchipua majani mapya mekundu, yenye rangi ya shaba, ambayo baadaye huwa kijani. Miti hiyo hutumia maji iliyoyahifadhi na yale ambayo mizizi huyafuata chini sana.

Ukipenda kwenda, panga hivi:

Wakati. Wekundu haudumu. Waulize wauza asali wanaotoka vijijini. Wao huingia msituni kila mara na watakuambia miti imefikia wapi.

Fedha. Nilianza kutenga fedha kidogo ya mayai kila wiki tangu Juni. Tulihitaji nauli na kiingilio tu.

Mahali. Tulianzia Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Stanley alipoondoka mwezi Machi, mzee yule alibaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Kutoka hapo tulishika barabara ya Sikonge kuelekea kusini. Jiandae kwenda mbali kidogo, kwa maana kuni za kukaushia tumbaku na mkaa vimeusogeza msitu mbali na mji.

Vitu vya kubeba. Chukueni maji ya kutosha, angalau lita tatu kila mtu, kofia, na nguo za mikono mirefu kwa sababu ya mbung'o. Mwenye presha asisahau dawa zake. Sisi tulibeba matobolwa na karanga. Tafuteni mwenyeji wa kijiji awaongoze, na msiwashe moto msituni.

Tulikaa chini ya mtundu mmoja mkubwa. Juu yetu palikuwa pekundu kama kanga mpya, na ardhi bado imekauka kabisa. Baba watoto alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mtoto alipoondoka niliogopa. Nilidhani hatutakuwa na la kuzungumza tena." Sikujua kwamba naye alikuwa akiliwaza jambo lile lile. Tulizungumza mpaka jua likapungua ukali.

Njiani kurudi niliwaza: kule ng'ambo majani huwa mekundu yanapokaribia kuanguka, kwetu huwa mekundu yanapozaliwa, tena kabla ya tone la mvua. Mimi nilikuwa nimeihesabu ndoa yetu kuwa imefika wakati wa kupukutika. Soma Mathayo 24:32 uone jinsi Bwana Yesu alivyowafundisha wanafunzi wake kuutazama mti unapochipua.

Mama mpendwa, usingoje msiba ndipo usafiri na mumeo. Hata kama huna msitu karibu, mwembe wa uani pako nao huchipua majani mekundu. Wekeni mkeka hapo jioni moja, mzime redio.

Mungu azibariki nyumba zenu.